Mwenzangu wa Tatu

Asubuhi ya mashindano ya taifa niliamka nimeshika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu. Kidonda kilikuwa kimefunga juu ya sikio la kushoto, nyuzi tisa, na nywele zilikuwa zimeanza kuota. Sauti ya kuanguka tu ndiyo haikutoka kichwani. Kichwa kikigonga barafu hulia kama mlango uliofungwa na mtu mwenye hasira.

Nilipiga magoti nikamwomba Mtakatifu Orosia, ambaye jina lake ndilo langu. Sisi wa Jaca, mji wa Aragón, Hispania, tunampenda, na kila Juni tunabeba masalia yake mitaani. Lakini siku hiyo sikuweza kutazama picha yake. Alikatwa kichwa, maskini. Nikamwomba Bwana anisamehe woga wangu, kisha nikaomba jambo moja: nijue kama Ximo aliniachia kwa makusudi.

Ximo alikuwa mwenzangu wa tatu. Katika densi ya barafu, mwanamke asiye na mwenza anateleza tu, na Hispania nzima wanaume wa kazi hiyo ni wachache mno. Wa kwanza wangu alikuwa Beltrán, mtoto wa mwoka mikate wa mtaani kwetu. Tulianza tukiwa na miaka tisa, tukaachana tukiwa na kumi na tisa, alipokwenda Zaragoza kusomea udaktari wa mifugo. Wa pili alikuwa Radek, Mcheki. Hakujua lugha yetu. Alinibonyeza mgongoni kwa kidole gumba, nami nikajua la kufanya. Baada ya misimu miwili karatasi zake za uraia zilikuwa bado hazijatoka, akarudi kwao. Nikakaa miaka mitatu bila mtu, nikifundisha watoto kusimama kwenye barafu. Kisha akaja Ximo kutoka Valencia, baada ya Amparo, mwenzake wa miaka minane, kuumia goti na kuacha.

Kocha wetu, Presen, alinieleza bila kuzunguka. "Huyu ndiye wa mwisho, mwanangu. Akiondoka, utundike viatu."

Nilianguka mwezi mmoja kabla ya mashindano. Tulikuwa na mnyanyuo mmoja mgumu: Ximo ananipandisha hadi kiunoni mwake, halafu ananirusha nilale mikononi mwake huku akizunguka kwa kasi, kichwa changu kikipita shubiri mbili juu ya barafu. Siku zote muziki ndio uliotuongoza. Asubuhi hiyo spika za uwanja ziliharibika, Presen akasema tufanye bila muziki. Nilipofika kiunoni nikajirusha nyuma, na mikono yake ikafunguka.

Tangu hapo, kila tulipojaribu, mwili wangu uligeuka ubao, tukaacha. Na uwanjani watu walinong'ona kwamba kuna mchezaji Mfaransa, mwanamke, anayemtaka Ximo awe mwenza wake.

Sasa tulikuwa kwenye korido, tukisubiri zamu. Presen alinipa kikombe cha supu.

"Kunywa, Oro."

"Haishuki."

"Jina Oro, dhahabu kabisa," Ximo alisema akifunga kamba za viatu, "na hajaleta nyumbani hata shaba."

"Wewe Mvalensia, nenda kapike wali wa kwenu."

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Haki ya Mungu, watu wa Aragón mnapigilia misumari kwa kichwa! Mimi niliihurumia barafu."

Presen akampiga kofi la bega. "Funga mdomo wewe. Bado jozi mbili, halafu ninyi." Akaenda kuchungulia uwanjani.

Tulipobaki wawili, nikamuuliza. "Ximo, yule Mfaransa amekupigia simu?"

Akaacha kamba. "Nani kakwambia?"

"Amepiga, hajapiga?"

"Amepiga."

"Ndiyo maana uliniachia?"

Uso wake ukapauka. "Nilikuachia? Oro, si wewe uliyeniambia nikushushe?"

"Mimi?"

"Ulisema 'ya'! Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema 'ya', ndiyo. Nirushe! Nilikuwa nakwambia unirushe!"

"'Ya' ni imetosha! Amparo miaka minane akisema 'ya', namshusha."

"Na Beltrán miaka kumi nikimwambia 'ya', ananirusha!"

Tulitazamana. Kwetu, kwa Kihispania, neno hilo lina nyuso mbili. Mama akimwambia mtoto anayechelewa shule, maana yake ni sasa hivi. Akimwambia mtoto anayelia, maana yake ni basi. Tulikuwa tumecheza pamoja miezi kumi na minne, na hatukuwahi kuulizana, kwa sababu nani huuliza maana ya neno alilozaliwa nalo?

Bwana alikuwa amenijibu. Nilingoja woga uondoke, kama inavyopasa mtu aliyejibiwa. Haukuondoka.

"Tuuondoe ule mnyanyuo," nikasema.

"Tukiuondoa hatuendi mashindano ya Ulaya. Nafasi ni moja." Akainamisha kichwa. "Na sikudanganyi, Oro. Nina miaka thelathini. Nikikosa Ulaya mwaka huu, nitamkubalia Mfaransa."

"Na mimi?"

Akasema, polepole, "Tangu siku ile siwezi kufunga mlango wa gari, kwa ile sauti yake. Namwachia mtu mwingine aufunge."

Tukaitwa.

Nakumbuka machache sana ya mwanzo. Nakumbuka muziki ulipofika mahali pake, na mikono ya Ximo kiunoni mwangu, imelowa jasho hata kupenya nguo. Nilitaka kusema kitu na sikujua neno lipi lililobaki salama. Nikasema moyoni Bwana, Bwana, nikajirusha.

Barafu ilipita chini ya macho yangu, nyeupe, yenye michoro ya viatu vya watu wengine. Ikapita tena. Na tena. Sheria inaruhusu sekunde saba za kunyanyuliwa. Nilizihesabu, zikaisha, na vidole vya Ximo vilikuwa bado vimenibana kama koleo. Nikasikia Presen akipiga kelele pembeni, "Mshushe! Mshushe, Ximo!" Alizunguka mara moja zaidi ndipo akaniweka chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Tulimaliza bila kuanguka. Tulikaa kwenye benchi la kungojea matokeo, Presen katikati yetu. Kwa kuzidisha muda walitukata alama moja nzima. Jozi ya Madrid ilitushinda kwa sehemu sitini na mbili tu za mia za alama moja.

Presen alifunika uso kwa kiganja. Ximo alitazama ubao wa alama.

"Niliogopa kukuachia," akasema.

"Najua."

"Ningeweza kuhesabu. Nilikuwa nahesabu. Mikono ilikataa."

"Najua, Ximo. Sasa ni Mfaransa?"

Akafuta pua kwa mkono wa nguo. "Ni Mfaransa."

Nilimshukuru Mungu kwa sababu nilikuwa nimemwomba jibu na yeye alinipa, na shukrani ni deni hata kama roho inauma. Kisha nikainama kuvua viatu, na nikaanza kuogopa mikono ya mtu wa nne, ambaye simjui, na pengine hayupo.