Mwanagenzi wa Mwaka wa Kwanza

Mbuzi alishanunuliwa. Poda ilishanunuliwa, na kreti sita za soda, na vitenge vya sare vya shangazi wote. Ilibaki Jumamosi tu, Ablavi apige magoti mbele ya Da Sénam, dada aliyemfunza ushonaji, amwagiwe poda kichwani, apewe cheti, awe fundi. Mjini Kpalimé cherehani utanunua popote, lakini bila kuachiliwa na aliyekufunza hushoni hata suruali ya jirani. Chama cha mafundi kitakuja kung'oa kibao chako mchana kweupe.

Miaka mitatu alikuwa ameimeza. Alifagia, alibeba mtoto wa Da Sénam mgongoni, alichapwa kwa rula ya mbao. Sasa magauni ya maharusi alikata yeye, sifa akapokea Da Sénam.

Jumatano akaja Bwana Amouzou na mafaili yake. Mpango mpya wa serikali, akasema. Mwanagenzi atalipwa kila mwezi, nusu atoe mwajiri, nusu utoe mpango. Lakini wawe wa mwaka wa kwanza, na wasipungue watatu.

Da Sénam alikuwa na wapya wawili. Akamvuta Ablavi nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Sema umeanza leo."

"Da, si Jumamosi naachiliwa?"

"Na nani? Si mimi? Hizo karatasi tu. Sema, na Jumamosi yako iko palepale. Usiposema..." Akamtoa uzi begani, taratibu. "Mimi nikiudhiwa huwa naumwa. Na mgonjwa haachilii mtu."

Ablavi akatoka, akasema. Bwana Amouzou akampiga picha, akamchovya dole gumba kwenye wino.

"Anajua chochote huyu?"

"Huyu? Hata kutia uzi kwenye sindano bado," akasema Da Sénam. Wale wapya wawili wakainama wakicheka.

Ijumaa orodha ya wanagenzi wa mpango ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa chama. Mwenyekiti, Mzee Tsogbé, akaja mwenyewe, akamkuta mama yake Ablavi dukani kwa Da Sénam akipanga viti vya sherehe.

"Mama, kusanya viti vyako urudi navyo. Binti ameanza Jumatano, anaachiliwaje kesho? Nikitia saini, mpango utatufuta sote."

Ablavi akamtazama Da Sénam. Neno moja lingetosha.

"Mwenyekiti ameshasema," akajibu Da Sénam. "Mimi nani nimpinge?"

"Ulijua!" Ablavi akasema.

"Nilijua. Na wewe uliweka dole gumba. Nilikushika mkono?"

Mama akapiga magoti yeye, kwenye vumbi la chaki, mbele ya mwanamke mdogo kwake. "Sénam, mwanangu, nakuomba. Miaka mitatu mtoto wa watu amekutumikia."

"Inuka, mama, utachafua kitenge. Wenzake wote walinilipa mimi ili wajifunze. Wako atalipwa yeye! Miaka mitatu mingine ni nini?"

Mbuzi aliuzwa kwa hasara. Jumatatu Ablavi akarudi kazini. Angekwenda wapi? Anayemkimbia bosi wake hapokelewi na fundi yeyote mjini.

Mwezi ulipokwisha Bwana Amouzou akaja kukagua. Akamkuta Ablavi sakafuni, anaokota pini. Akampa sketi, akunje pindo aone. Mikono ya Ablavi haikumsubiri. Pindo likatoka limenyooka, mshono hauonekani.

"Mwezi mmoja tu!" Bwana Amouzou akaandika kurasa mbili. "Da Sénam, wewe ni mwalimu. Nitawaleta waajiri wengine waone."

"Tunajitahidi, bwana."

Da Sénam akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akampungia mkono mpaka mgeni akapotea. Kisha akarudi, akamtupia Ablavi ile sketi usoni.

"Fumua. Wa mwaka wa kwanza hashoni hivi. Shona upya, na safari hii pindo liende upande."

Ablavi akatafuta uzi wa mwanzo, akaanza kufumua.