Miezi Saba Isiyo na Barua

1.

TANGAZO LA NAFASI YA KAZI
Hospitali ya Upendano, Mafinga

Muuguzi Daraja la Pili: nafasi moja (1).
Mwombaji awe:
(a) na stashahada ya uuguzi na ukunga;
(b) na leseni hai;
(c) na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili;
(d) tayari kufanya kazi katika mazingira yenye shinikizo.

Wahitimu wapya wanahimizwa kuomba.


2.

Twilumba Mgimba alilisoma tangazo akiwa amesimama, begi bado begani. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kituo cha afya, alikokuwa anajitolea wodi ya wazazi. Alisoma (c). Akasoma mstari wa mwisho. Akarudi (c).

"Wahitimu wapya wenye uzoefu wa miaka miwili," alisema. "Hao wanazaliwa wapi?"

Eda alicheka bila kuacha kupiga pasi. Jina lake kamili ni Editruda Kikoti. Walikaa dawati moja chuoni kwa miaka mitatu, wakahitimu siku moja, wakapata leseni wiki moja, na sasa walipanga chumba kimoja. Eda alikuwa anauza misumari na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Tuombe wote," alisema Eda. "Atakayepata, kapata."

"Nafasi ni moja."

"Ndiyo nimesema. Atakayepata."


3.

Majibu ambayo Twilumba alikuwa ameshapewa, kwa jinsi anavyoyakumbuka:

Tutakupigia.
Mtandao uko chini, rudi kesho.
Una mtu yeyote unayemfahamu hapa?
Tunashukuru kwa kuonyesha nia.
Wewe ni mzuri, ila tunataka mtu wa kuanza kazi moja kwa moja, si wa kufundisha.
Tutakupigia.
(Hospitali moja ilimpigia kweli. Walikuwa wamekosea namba.)


4.

Wewe unayesoma hapa, kama una kazi, jaribu kukumbuka siku yako ya kwanza. Kuna mtu alikuonyesha choo kiko wapi. Kuna mtu alikuambia, hapana, si hivyo, shika hivi. Siku hiyo uzoefu wako ulikuwa miaka mingapi?

Haya. Tuendelee.


5.

Mganga mfawidhi wa kituo, Daktari Chengula, hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Twilumba, wewe ni mchapakazi. Hapa hakuna asiyelijua hilo."

"Basi niandikie hivyo hivyo, daktari. Hata mistari miwili."

"Nikiandika kwamba ulifanya kazi hapa, nitaulizwa nani alikuajiri."

"Hakuna aliyeniajiri."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Lakini kazi nimefanya."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Niandike nini sasa, dada yangu? Kwamba kuna mtu alikuwa anazalisha hapa miezi saba na hayumo kwenye orodha ya watumishi?"

Alisema kwa upole. Ndiyo maana Twilumba alikosa hata pa kumkasirikia.

    YAH: OMBI LA BARUA YA UZOEFU
    Rejea somo tajwa hapo juu. Unaarifiwa kuwa kituo hutoa
    barua ya uzoefu kwa watumishi walioajiriwa pekee.
    Aliyejitolea hahesabiwi kuwa amefanya kazi.
    Tunathamini mchango wako.


6.

Kwa kuwa hayakuandikwa kokote, yaandikwe hapa.

Watoto aliowapokea kwa mikono yake: alihesabu hadi arobaini, akaacha kuhesabu. Mmoja alikaa kimya dakika nne ndipo akalia. Mmoja hakulia kabisa, na mama yake aliuliza tu, "Alikuwa wa kike?" Ndiyo, alikuwa wa kike.

Akina mama waliovuja damu baada ya kujifungua: wawili. Kwa yule wa kwanza, Twilumba aliganda. Alisimama na glavu mkononi kama mtu aliyesahau alichokifuata dukani. Sista Ng'umbi, mkunga aliyekuwa anakaribia kustaafu, alimkamata kiganja akakibandika kwenye tumbo la mgonjwa. "Hapa. Unasikia linavyobonyea kama unga wa maandazi? Hatutaki hivyo. Sugua. Usimwonee huruma, sugua mpaka liwe gumu."

Kwa yule wa pili hakuna aliyemshika mkono.

Alijua.


7.

(Hapa anasema Eda.)

Mimi sikuiba kitu cha mtu. Hilo lianze. Mjomba wangu alikuwa na zahanati Makambako, zahanati ikafungwa, muhuri ukabaki kabatini. Akaandika barua mbili, yangu na ya Twi. Miaka miwili na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu aliiongeza mwenyewe, eti namba kamili inatia shaka.

Mnajua ilivyo kusimama mwaka mzima kwenye duka la misumari, leseni ya uuguzi iko ndani ya sanduku? Nilikuwa nasahau. Dozi nilizozikariri kama sala zilikuwa zinanitoka moja moja, na mahali pake zinaingia inchi tatu, inchi nne, geji thelathini. Kila mwezi niliokaa bila kazi ulinifanya niwe mtu wa kutoajiriwa zaidi.

Mjomba akasema kazi utajifunzia hukohuko. Kila mtu alijifunzia hukohuko. Si kweli?

Si kweli?


8.

Usaili ulifanyika kwenye chumba chenye mashine mbovu ya kupimia presha juu ya kabati. Nyuma ya meza walikaa wawili: katibu wa hospitali, na Matroni Mbilinyi, mkuu wa wauguzi, mama mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani.

"Uzoefu?" aliuliza katibu bila kuinua kichwa.

Bahasha ilikuwa mapajani mwa Twilumba. Ndani yake ilikuwemo barua ya mjomba wa Eda, muhuri wa bluu, jina lake limeandikwa bila kosa hata moja. Kidole chake kilikuwa kimeshaingia chini ya kifuniko.

"Miezi saba," alisema.

Mtu asikudanganye kwamba ule ulikuwa ujasiri. Alikuwa amechoka. Kuibeba miaka miwili ambayo haikuwahi kuwepo, kuwakumbuka wagonjwa ambao hawakuwahi kuugua, kuwataja wenzake wa zamu ambao hakuwahi kuwaona, hiyo nayo ilikuwa kazi, tena isiyokwisha. Hakuwa na nguvu nayo.

"Barua yake?"

"Hawaandiki. Nilikuwa najitolea."

Matroni aliinua macho. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza, ulikuwa unajitolea wodi ga—

"Asante," alisema katibu. "Tutakupigia."


9.

Jumbe mbili ziliingia dakika moja, kwenye simu mbili zilizolazwa juu ya kitanda kimoja.

*Ndugu Editruda Kikoti, hongera. Umechaguliwa. Ripoti Alhamisi saa 1:00 asubuhi na vyeti halisi.*

*Ndugu mwombaji, tunashukuru kwa kushiriki. Tunakutakia kila la heri.*

"Pole, Twi."

"Hongera."

"Umenikasirikia?"

"Nimechoka tu."

Twilumba alimsaidia kupima sare. Mabegani ilikuwa pana, akaitia pini.


10.

"Mwanangu, wameshaita?" mama yake aliuliza kwenye simu.

"Bado, mama."

"Binti wa kina Mgaya ameshapata. Na yeye alisomea kompyuta tu."

"Ndiyo, mama."

"Nikiulizwa niseme nini?"

"Sema yuko kazini."

"Uko kazini?"



"Nipo, mama. Nakusikia."


11.

Jumapili, saa tisa kasoro robo alasiri. Siku ya nne ya Eda kazini. Twilumba alikuwa anachambua maharage mlangoni. Simu ikaita.

"Twi."

"Nambie."

"Twi, damu."

Aliweka ungo chini.

"Ya nani?"

"Mama wa kitanda cha nne, Sikudhani, amejifungua kama nusu saa iliyopita, kondo limetoka, nilidhani imekata, kumbe shuka lote, Twi, mpaka chini, mpaka viatu vyangu..."

"Uko na nani?"

"Sina mtu! Sista Mhema kasindikiza mgonjwa wa rufaa. Daktari yuko chumba cha upasuaji, nimemtuma mhudumu akamgongee. Nimesahau. Twi, nimesahau kila kitu."

Twilumba aliona glavu. Aliona mtu aliyesimama kama kasahau alichofuata dukani.

"Hujasahau. Weka spika. Simu iweke kitandani, mikono yote miwili nataka iwe huru. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Bonyeza chini ya kitovu. Pakoje?"

"Laini."

"Sugua. Kwa nguvu. Atakuambia unamuumiza, mwambie samahani na usiache."

Mwanamke alipiga kelele mbali, kama yuko kisimani. Eda alisema samahani, samahani mama, samahani.

"Kuna ndugu yake hapo?"

"Mama mkwe wake."

"Mama, shikamoo," Twilumba alipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti ya mtu anayelia.

"Msaidie nesi. Lete lile sinia lenye sindano, lisogeze karibu naye. Eda, oksitosini ya kukaza uzazi umeshampa?"

"Wakati mtoto anatoka tu."

"Mpe nyingine. Uniti kumi, kwenye paja. Mkono mmoja usitoke tumboni. Halafu kibofu, kimejaa?"

"Kimejaa."

"Kikijaa mfuko wa uzazi haukazi. Weka mpira, toa mkojo. Dripu ikimbie. Kondo ulilikagua? Lilikuwa zima?"

"Zima. Nililikagua. Hilo nililikumbuka."

"Unaona. Endelea kusugua."

Kisha hapakuwa na maneno. Kulikuwa na pumzi za Eda, chuma kikigonga chuma, na mtoto aliyeanza kulia kwa njaa yake mwenyewe, bila habari na lolote. Jirani alipita akauliza, "Mmeshindaje?" Twilumba alimwonyesha kiganja.

"Twi."

"Nipo."

"Linakaza."

"Sema tena."

"Limekuwa gumu. Damu inapungua. Inapungua, Twi."

"Sasa hesabu mapigo yake. Dakika nzima, Eda, usikadirie."

Milango ikafunguliwa upande wa pili, viatu vingi vikaingia. Sauti ya daktari ikataka glavu. Kisha sauti nyingine, ya mama mtu mzima, karibu kabisa na simu:

"Na wewe ni nani?"

Laini ikakatika.

Alipourudia ungo, maharage yaliyochambuliwa akayachanganya na mabovu, ikabidi aanze upya.


12.

TAARIFA YA TUKIO
Wodi: Wazazi. Muda: 8:40 – 9:25 alasiri.
Mgonjwa alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Alihudumiwa na muuguzi wa zamu. Hali yake kwa sasa: anaendelea vizuri, amewekewa damu, ananyonyesha.
Muuguzi wa zamu alipokea maelekezo kwa njia ya simu kutoka kwa mtu asiye mtumishi wa hospitali.
Uzoefu wa muuguzi kwa mujibu wa faili: miaka miwili na miezi mitatu.
Uzoefu wa muuguzi kwa maelezo yake mwenyewe: siku nne.
Hatua iliyochukuliwa: muuguzi asimame kazi kupisha uchunguzi.
Sababu za muuguzi kuwa peke yake wodini: ..................


13.

Eda alirudi na sare ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiloweka kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda akiyatazama maji yanavyobadilika rangi.

"Niliwaambia mwenyewe," alisema. "Matroni aliuliza mara moja tu, nikasema yote, ya barua na ya nani alikuwa kwenye simu. Sikutaka kuendelea kuikumbuka ile barua."

"Wataipeleka mbele?"

"Wamesema wataangalia. Leseni yangu inaweza..." Aliizamisha sare kwenye maji. "Yule mama alinishukuru, Twi. Sikudhani. Akanishika mkono akaniambia asante nesi. Nikataka kumwambia mimi ndiye niliyetaka kukuua."

"Hukumuua."

"Kwa sababu ulishika simu. Ungekuwa bombani je?"

Twilumba aliikunja mikono ya blauzi, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, wakafua pamoja.


14.

Jumanne, saa nne asubuhi. Namba ngeni.

"Naongea na Twilumba Mgimba? Mimi ni Matroni Mbilinyi, wa Upendano."

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Ulikuja kwenye usaili. Miezi saba."

"Ndiyo."

"Nilitaka kukuuliza siku ile ulikuwa wodi gani. Sikuuliza." Alikohoa. "Jumapili nimesikia mwenyewe ulikuwa wodi gani. Sasa nisikilize. Nafasi ile iko wazi. Nimeongea na katibu, habari ya barua tutaona namna. Unaweza kuanza Alhamisi?"

Eda alikuwa amekaa kitandani, hatua mbili kutoka hapo, na spika ya simu ile ya Twilumba haikuwa na siri. Alikuwa amesikia yote. Aliutazama ukuta. Kisha akageuka, macho mekundu, akanong'ona kwa ukali:

"Kubali, mjinga wewe."

Twilumba alikuwa ameisubiri simu hii mwaka na nusu. Alikuwa ameshaifanyia mazoezi, jinsi atakavyosema asante sana bila sauti kupanda. Asante sana ilikuwepo, iko palepale kooni. Lakini kilichotangulia kutoka kilikuwa kingine.

"Matroni, naomba niulize."

"Uliza."

"Jumapili, kwenye ratiba, Eda alipangwa zamu na nani?"

"Na Sista Mhema."

"Sista Mhema alikuwa kwenye gari la wagonjwa. Baada ya Sista Mhema, nani?"

Upande wa pili droo ilivutwa.

"Sikuulizi kwa ubaya, mama. Miezi saba ni zaidi ya siku nne, lakini si mingi. Kuna vitu sijawahi kuviona. Nikija, Alhamisi nitakuwa na nani? Na Jumapili, gari likiondoka, nitakuwa na nani?"

Zilisikika karatasi za ratiba zikifunuliwa. Moja. Nyingine. Nyingine tena, ikarudishwa.

"Subiri," alisema Matroni. Sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa tena sauti ya mtu aliye nyuma ya meza. "Usikate. Natafuta."

Eda alishuka kitandani, akaja kukaa sakafuni karibu naye.

Karatasi zikaendelea kufunuliwa.

Twilumba hakukata.