Kushoto Hakuna Kitu

"Gari halioti ardhini kama uyoga!" nilimwambia mume wangu. "Ulisinzia. Sema ulisinzia, yaishe."

"Sikusinzia. Nimekwambia tangu jana, kushoto hakukuwa na kitu. Halafu kukawa na gari."

"Halafu kukawa na gari! Mazingaombwe hayo."

"Mama watoto, punguza sauti. Watu wanatusikia."

"Wasikie. Hawajalipa kiingilio."

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori jipya katikati ya yadi, jua la mchana likitupiga utosini. Nyuma yake marobota ya karatasi, zile za kuviringishwa za kiwandani, yalikuwa yameshapakiwa na kufungwa mikanda. Yadi yetu ina sheria isiyoandikwa popote: dereva akiangusha gari akatoka mzima, kesho yake anarudishwa barabarani na mzigo uleule, apite palepale palipomwangusha. Madereva wanasema hofu ukiilaza kwako siku mbili inaanza kujenga. Mimi ndiye mtunza stoo hapa, diploma yangu ni ya ugavi, na sheria hiyo nilikuwa naiunga mkono. Nimewaona walioambiwa wakapumzike, hawakushika tena usukani. Lakini wale walijua kilichowaangusha. Huyu wangu alikuwa hajui, na mzunguko wa barabara alikoangukia uko jirani na shule. Angetoka wakati ule, angefika pale watoto wanavuka kurudi nyumbani.

Jana nilifika kwenye mzunguko ule kabla trela halijanyanyuliwa. Lilikuwa limelala ubavu wa kushoto, kabini imebaki wima, shingo imepinda kama kuku aliyenyongwa. Robota moja lina uzito wa ng'ombe wawili. Mikanda ilikuwa imekatika, na marobota yakachagua kila moja barabara yake, yakaenda yakijikunjua. Barabara zote zinazoingia pale zilikuwa nyeupe. Karatasi ilikuwa imepanda bustani ya katikati, ikazunguka nguzo ya taa, ikashuka mteremko mpaka kituo cha mafuta. Upepo ukiingia chini yake, lami nzima inapumua. Watu walikuwa wamejaa pembeni, na hakuna hata mmoja aliyeikanyaga. Wenye magari walikuwa wamezima injini. Mahali pale pana kelele za kutoa roho, lakini jana ulisikia karatasi tu ikicheza.

Na ubavuni mwa trela, upande huohuo wa kushoto, palikuwa na kigari cha kijani. Bampa lake la nyuma lilikuwa chini ya chuma. Kati ya chuma hicho na kiti cha watoto hapakupita kiganja changu, nilipima. Watoto walikuwa wanakula biskuti. Mama yao alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, hataki kuuachia. Nilimshika bega, sikupata neno la kumwambia. Mimi nikikosa la kusema, ujue jambo ni kubwa.

Sasa neno nilikuwa nalo.

"Unarudi pale na macho gani?"

"Macho yaliyopimwa." Akapiga mfuko wa shati. "Cheti hiki hapa. Bado kina miezi. Niko fiti."

"Ulipimwa kabla ya yale maumivu ya kichwa yaliyokulaza chali."

"Si yalipona?"

"Na bega lako? Kila asubuhi unaligonga kwenye fremu ya mlango."

"Ule mlango mwembamba."

"Umenenepa wewe au umekonda mlango? Haya, kula. Nakugombeza, lakini sikupeleki njiani na njaa."

Nikamwekea sahani magotini. Alikula haraka, kama wanavyokula madereva, kisha akanirudishia. Wali na maharage ya upande wa kulia vilikuwa vimefagiliwa mpaka sahani inang'aa. Upande wa kushoto haukuguswa. Katikati pamenyooka kama mpaka wa shamba.

Hapo ndipo donda langu la siku nyingi lilipotoneshwa.

"Na hii je? Mpaka lini utanisusia nusu sahani? Kama chumvi imezidi, si useme! Mdomo unao."

"Kususa nini? Nimemaliza chote. Tena nilitaka nikwambie, siku hizi unanipunja."

Mume wangu hajui kudanganya. Akijaribu, masikio yanamcheza. Nilimtazama masikio, yalikuwa yametulia. Alikuwa anaitazama ile sahani, uso kwa uso, na alikuwa anaona sahani tupu.

Nikaichukua, nikaigeuza taratibu, ya kushoto ikaja kulia.

Akashtuka. "Umeongeza saa ngapi?"

"Sijaongeza."

"Acha masihara."

Nikaigeuza tena. Akageuka kuangalia mikono yangu, akaangalia chini ya ngazi, akarudi kwenye sahani. "Umekipeleka wapi?"

"Weka mkono. Hapo hapo. Tazama mbele tu."

Akaweka. Vidole vikazama kwenye wali. Akabaki hivyo, mdomo wazi, mtu mzima mwenye ndevu.

"Naugusa," akanong'ona. "Una vuguvugu. Lakini naona sahani."

Ugomvi wote ulinitoka mwilini kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Panda," nikamwambia. "Kaa kwenye usukani, tazama mbele, usigeuze shingo wala macho. Nitapita mbele ya lori. Usiponiona, sema."

Nilianzia mkono wake wa kulia, nikatembea polepole, nimevaa kizibao changu cha manjano cha stoo, kile kinachong'aa hata gizani.

"Nakuona," akasema dirishani. "Nakuona. Nakuo..."

Nilikuwa nimepita mbele ya usukani wake hatua moja.

"Umekwenda wapi?"

"Nipo. Huku kushoto unaona nini?"

"Yadi."

"Nini kingine?"

"Hakuna kitu. Peupe tu. Pazuri, pamefagiliwa."

Nilikuwa nimesimama mbele ya taa yake ya kushoto, naweza kuigusa. Nyuma yangu palikuwa na mlima wa matairi unaonizidi kimo. Aliuona uwanja uliofagiliwa. Kichwa cha mwanadamu! Kilikuwa kimepoteza nusu ya dunia na hakikumwachia hata kivuli cha kumwonya. Kilimfumia lami, kikamfumia ukuta, kikavishona na upande wa kulia hata mshono hauonekani. Akapita humo siku zote hizo na mlima wa mzigo mgongoni, akipiga mluzi.

"Ingekuwa giza," alisema taratibu, "ningejua."

"Najua."

"Sikukudanganya jana."

"Hukudanganya, baba watoto. Kushoto kwako kweli hakukuwa na kitu."

Tajiri wetu, mwenye yadi, akatoka ofisini akipangusa jasho. "Nanga!" akamwita mume wangu. "Bado unabembelezwa? Washa chuma, twende kazi."

Mume wangu akawasha. Injini ikanguruma, na nilidhani nitalazimika kulala mbele ya magurudumu, na kwamba hata hivyo asingeniona. Akatoa kichwa dirishani.

"Tajiri, pale mzunguko, watoto wa shule wanavukia upande gani?"

"Si kushoto? Unauliza kama mgeni. Hofu hiyo. Ukipita mara moja itakutoka."

Injini ikazimika. Akashuka akiipapasa kila ngazi kwa mguu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na akamwekea tajiri funguo kiganjani.

"Tafuta dereva. Mimi sioni nusu."

"Nusu ya nini? Si una cheti?"

"Cheti kinaona, tajiri. Mimi sioni."

Tajiri akanigeukia. "Dada, huyu vipi?"

"Ana ugonjwa kichwani, na tumechelewa. Naomba funguo za pikapu."

Alinitazama usoni, akaingiza mkono mfukoni, akanipa. Nilimfungulia mume wangu mlango, nikamfunga mkanda mwenyewe, nikazunguka nikakaa kwenye usukani. Mlinzi alikuwa bado anahangaika na komeo la geti. Nikapiga honi, akalisukuma, tukatoka kwenda hospitali.