Mcheri wa Graciella

"Donat, uko unakata mingi, hein?"

Donat hakugeuka. Alikuwa juu ya ngazi, msumeno mkononi, na mtu aliye juu ya ngazi huona kila aliye chini hajui kitu. "Usiogope, maman. Mi nilikomalia mu mashamba ya kahawa, kule kwetu Kalehe, Kongo. Tule tumatawi tudogo ni wezi tu. Tunakula nguvu ya muti, hatuzai."

"Bon. Kama unajua."

Maman Mujinga akajifunga vizuri shali lake jeusi, akarudi jikoni. Kila alichovaa kilikuwa cheusi tangu Aprili iliyopita, alipomzika binti yake Graciella. Siku zile za msiba mcheri ule wa Kijapani, usiojua kuzaa tunda, kazi yake kuchanua tu, ulikuwa umejaa maua, nayo yakawadondokea waombolezaji waliokaa bustanini kwake pale Evere, Ubelgiji. Mama akatamka mbele ya watu wote: matanga yataondolewa baada ya mwaka, chini ya mti huohuo ukiwa na maua, na hapo ndipo atakapovua nguo nyeusi. Lakini mti ulikuwa umeachwa miaka mingi, matawi yamelala mpaka chini, hupiti bila kuinama. Ndiyo maana mwishoni mwa Februari akamwomba Donat, waliyesali naye kanisa moja.

Donat angekataaje? Miaka tisa Ubelgiji alikuwa anasafisha ofisi za watu. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba kitu anachokijua. Na alifanya kazi, jamani! Kila kijiti kifupi alikitoa, kimoja kimoja. Yakabaki matawi manene, safi, yamenyooka. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akautazama mti wake, akafurahi.

Wiki ya pili ya Aprili, akingoja basi, aliuona mcheri wa barabarani umeanza kuchanua. Akausogelea kama mtu anayekagua shamba. Maua yote, yote kabisa, yalikuwa yamekaa juu ya vile vijiti vifupi. Kwenye matawi manene hapakuwa na hata moja. Basi likaja, likaondoka bila yeye. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na huyu wa Kalehe alikuwa amewika kwa sauti kubwa mno.

Hakumwambia mtu. Aliona haya, tena akajidanganya kwamba Mungu hashindwi.

Jumamosi ya matanga watu walijaa. Misa ilikwisha kusomwa, sombe ya majani ya muhogo na samaki vilikuwa mezani. Bustanini mti ulisimama na majani machache ya kahawia, na kila palipopita msumeno utomvu ulikuwa unatoka. Thérèse, mdogo wake Maman Mujinga, alisogea na kitenge kipya cha bluu.

"Vala, yaya, dada yangu mukubwa. Maua ni maua tu. Mutoto alishapumzika."

Maman Mujinga hakukitazama. Aliuzunguka mti polepole, kiganja juu ya gome, kisha akamwita Donat. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Sema kweli. Mwaka kesho muti utatoa maua?"

Donat alilijua jibu la kumfurahisha, lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza.

"Sijui, maman. Labda miaka miwili. Labda mitatu. Labda utakufa. Ni miye niliuharibu. Unisamehe."

 

"Alors, nitangojea," alisema Maman Mujinga.

"Yaya, weye!" Thérèse akalia. "Na kama muti unakufa?"

 Maman Mujinga akafunga kifungo cha juu cha koti lake jeusi, akaenda mezani, akaanza kuwapakulia wageni. Sahani ya kwanza, iliyojaa pomoni, alimpelekea Donat palepale alipokuwa. Donat akaipokea kwa mikono miwili, asijue akae wapi.