Namba Zilizofika Bungoma

Kwa mara ya tano kompyuta ilimwambia Dinah kwamba namba za siri za kubadilishia nenosiri alilosahau zimetumwa, na kwa mara ya tano simu yake haikulia. Saa tano u nusu. Oda ya chanjo ilikuwa inafungwa saa sita. Ikimpita, watoto wa kijiji cha Mahoo wangerudishwa nyumbani tena bila kuchanjwa, na mama zao wangemtazama yeye, karani wa zahanati, wala si kompyuta.

Alimpigia Ronald, fundi wa kompyuta kule Voi.

"Andika barua, Dinah. Wiki ijayo nitakubadilishia hiyo paswadi."

"Wiki ijayo watoto wataugua surua, Ronald!"

Akakata simu, hasira zimempanda. Basi, angejitengenezea mwenyewe. Aliusoma upya ukurasa ule, mstari kwa mstari, mpaka akaiona namba ya simu aliyojisajili nayo juma lililopita. Ilikuwa ya laini aliyonunua Holili, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kwa sababu ndiyo inayoshika vizuri nyumbani kwake. Lakini mbele yake palikuwa na 254, badala ya 255 ya Tanzania. Mfumo ulikuwa umeiona sifuri-saba ukaifanya ya Kenya, na Dinah hakukagua. Ama kweli! Namba zake zilikuwa zikimwendea mtu mwingine tangu asubuhi.

Akampigia mtu huyo.

"Ni nyinyi mnanitumia manamba?" mwanamke alifoka. "Mimi Khalayi wa Bungoma siibiwi ng'o!"

"Mama, si wizi. Mimi ni karani wa zahanati, hapa Taveta. Ni oda ya chanjo."

"Wote husema hivyo. Kama ni zahanati, wagonjwa wako wapi?"

Dinah hakubishana. Hata yeye asingempa mgeni namba za siri. Alikimbia na simu hadi chumba cha sindano, akainyoosha mlangoni. Muuguzi Tryphena alikuwa anadunga chanjo ya mwisho iliyobaki. Mtoto akaangua kilio cha kutoboa bati.

"Pole, baba, pole, imeisha," Tryphena akabembeleza.

Khalayi akalegeza sauti. "Haki, huyo mtoto haigizi. Tuma zingine, hizi zimekaa sana."

Dinah akarudi mbio mezani, akabonyeza. Khalayi akazisoma moja moja, taratibu, kama anayehesabu mayai. Ukurasa ukafunguka. Dinah akaweka nenosiri jipya, akafuta namba ile, akaweka laini yake ya Kenya, akatuma oda. Saa sita kasoro dakika nne: oda imepokelewa, mzigo kufika Jumatano.

"Imeingia, mama! Imeingia!"

"Imeingia!" Khalayi akawapigia kelele wenzake sokoni, na wote wakashangilia bila kujua kisa. Dinah alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amewahi kujivunia kazi yake namna ile.

Alitoka na chaki, akaandika ubaoni: *Chanjo Alhamisi. Leteni wote.* Mama wa yule mtoto alisimama akasoma. Akamhamishia mwanawe bega la pili, akatoa simu.

"Halo? Wewe na jirani yako, Alhamisi msiende shambani."