Pasi ya Kushoto

Timu ya raga ya wachezaji saba ya Tuvalu ilifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha ndege cha Funafuti, mji mkuu, ambacho jioni hakikuwa na ndege. Jioni moja Lotoala alikuwa akikimbia na mpira aliposikia sauti ya Penitusi, kaka yake aliyepotea baharini mwaka uliopita, ikimwita kutoka kushoto: "Nipe, mdogo wangu." Akarusha pasi bila kufikiri. Mpira ukaangukia patupu.

"Unampa nani, wewe?" kocha akafoka. "Mashetani?"

Wachezaji wakacheka. Nahodha Faleto peke yake hakucheka. Alimletea Lotoala mpira, akamnong'oneza, "Mimi pia Penitusi huniita, kila tukija hapa. Sijathubutu kumpa."

Lotoala hakuona woga. Kilichomuuma ni kwamba kaka yake alimwita mwingine kwanza.