Kengele Chini ya Nyati

Tangu alfajiri Ardis Tollefson hakuwa amekaa kitako. Alivikunja viti vya kambini, akavikunjua, akavikunja tena. Alifunga bomba la maji, kisha akarudi mara mbili kuhakikisha kweli amelifunga. Magharibi, juu ya vilima, wingu lilikuwa linajikusanya, na lilikuwa na ile rangi ya kijani ambayo mtu wa kule Dakota, Marekani, akiiona huanza kutafuta paa la kuingizia gari lake. Mvua ya mawe ilikuwa njiani, na Nyati bado alikuwa nje.

Nyati ni jina ambalo Delmar, mumewe, aliipa pikipiki yake. Lilikuwa dude la magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, jekundu, kiti kipana kama kochi, na tumbo lililokaribia kugusa ardhi. Delmar alimnunua magoti yake yalipochoka kushikilia pikipiki ya kawaida. Kila mwaka, joto lilipokwisha, alimpandisha mwenyewe kwenye trela lao, lile refu lenye kitanda na jiko mbele na gereji nyuma, wakaondoka kwenda Arizona, kusini, kuikimbia theluji. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao tangu wastaafu, na Ardis hakutaka mengine.

Lakini mwaka huu mikono ya Delmar ilikuwa ikitetemeka. Ilianza na kidole gumba, ikapanda, na sasa kikombe chake cha kahawa kilijazwa nusu tu. Daktari alimkataza kuendesha kitu chochote chenye injini, hata mashine ya kukatia majani. Basi kiangazi chote Ardis alijifunza kumwendesha Nyati katika uwanja wa kanisa, huku mchungaji akimchungulia dirishani kwa wasiwasi. Barabarani aliweza. Kumpandisha kwenye trela hakuwahi kujaribu.

"Sikiliza, mama," Delmar alimwambia jana yake wakila. "Kesho ukimpandisha, tunakwenda kusini. Ukishindwa, namwuzia Gaylen, tunarudi Fargo kwa Rhonda. Nimemaliza."

Rhonda ni binti yao. Alikwisha kuwaandalia chumba cha chini nyumbani kwake, kapeti jipya, na vyuma vya kujishikia kando ya choo. Ardis alimpenda binti yake sana, lakini kila alipovikumbuka vile vyuma alihisi mtu anamfungia mlango kwa nje.

Na huyo Gaylen, jirani yao wa kambini, wiki nzima alikuwa anamzunguka Nyati, mikono nyuma, kama mtu aliye mnadani. Asubuhi hii alikwisha kuweka kiti chake mahali pazuri pa kutazamia. Mkewe, Twyla, alikuwa ameleta sinia la mikate mitamu, kana kwamba kuna sherehe.

*Ting.*

"Nini hiyo?" Ardis aligeuka.

"Nini nini?" Delmar alikuwa amesimama nyuma yake, amejiegemeza kwenye fimbo, mkono mmoja mfukoni.

"Kuna kitu kinalia. Tangu asubuhi nakisikia."

"Upepo. Panda, wingu halikungoji wewe."

Itakuwa kengele, Ardis alijiambia. Waendesha pikipiki wote wa kule huning'iniza kengele ndogo chini ya chombo, mahali pa chini kabisa karibu na lami, ili mashetani wa barabarani wakirukia wanase humo. Na ina masharti yake. Hujinunulii, ni lazima upewe na mtu anayekutakia mema. Tena ni ya mtu, si ya chombo: ukiuza pikipiki, unaifungua kengele yako kwanza. Ya Delmar alipewa na kaka yake Einar, aliyekwisha kufariki, nayo ilikuwa na bonde ubavuni kwa kupigwa na kokoto. Wanaume hawa hawakuwa watu wa kuamini mambo. Lakini mguse mmoja wao kengele yake uone.

Mlango wa nyuma wa trela ulikuwa umeshushwa, umekuwa daraja. Ardis alivaa kofia ngumu, akapanda, akamwasha Nyati. 

"Polepole!" Delmar alipiga kelele. "Usimpe mafuta mengi! Mpe! Mpe mafuta! Sasa punguza!"

"Chagua moja!"

Gurudumu la mbele lilipanda vizuri. Pale juu, daraja linapokutana na sakafu kwenye bawaba, Nyati alitoa mlio wa kukwaruza uliowafanya wote wakunje nyuso, akasita. Ardis aliweka gia ya nyuma, akashuka jasho likimtoka.

"Hajawahi kukwaruza," alisema. "Si kwenye daraja hilihili ulimpandisha mwaka jana?"

"Hilihili," alisema Delmar. Alionekana kuduwaa kidogo. Kisha akakasirika. "Ni uzito wako umekaa vibaya."

"Uzito wangu! Umesikia, Twyla?"

"Nimesikia, dada. Angekuwa mume wangu angelala nje leo, yeye na uzito wake."

Gaylen alileta mbao mbili za kuongezea urefu wa daraja ili mwinuko upungue. Alizipanga kwa adabu ya kukera. "Usijali, shemeji. Ukichoka, mimi nitampandisha."

"Kwenye trela gani?"

Gaylen alicheka, akajichukulia mkate. Ardis alimchukia kwa dhati kwa muda kama wa kumeza mate.

Mara ya pili alikwenda taratibu zaidi, meno ameyauma. Mbao zilisaidia, lakini juu kwenye bawaba, mkwaruzo uleule. Sasa aliuhisi mpaka kwenye unyayo. Upepo ulibeba kofia ya Twyla ukaitupa kwenye misonobari, na hakuna aliyeifuata. Ardis alirudi chini, akafunga breki, akakaa juu ya kiti bila kuzima injini. Alikiona kile chumba cha Fargo. Aliona viatu vyao viwili viwili mlangoni, na dirisha dogo lenye theluji mpaka juu.

"Basi, mama," alisema Delmar, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomwudhi zaidi. "Umejaribu. Mwache Gaylen amchukue kabla mawe hayajamtoboa."

"Sijashindwa."

"Ardis."

"Nimesema sijashindwa! Kwanza nataka kuona kinachokwaruza." Alizima injini, akachukua tochi, akajilaza juu ya kokoto.

"Toka huko chini!" Delmar alifoka ghafla, fimbo ikigonga ardhi. "Umri gani huo wa kulala chini? Toka! Utatazama Arizona!"

Arizona? Si ametoka kusema Gaylen amchukue? Ardis alijisukuma kwa visigino mpaka kichwa kikaingia chini ya Nyati, akawasha tochi.

Bomba la moshi lilikuwa zima. Chuma cha katikati kizima. Kilichokwaruza kilikuwa kengele. Ilikuwa inaning'inia vidole viwili chini ya kila kitu kingine, imechubuka upande mmoja, shaba inang'aa pale ilipogusana na bawaba. Ardis aliishika aone ile alama ya kokoto iliyokuwa kwenye kengele ya Einar. Hakuiona. Aliigeuza. Kengele ilikuwa mpya.

Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mtu mwenye mikono mizima angetumia waya, akaikaza juu. Huyu alishindwa na waya, akatumia kamba, akapiga fundo, likalegea, akapiga jingine juu yake, na jingine, mpaka likawa donge kubwa kuliko kengele yenyewe. Ndiyo maana ilishuka kiasi kile. Ardis alilala pale na tochi kifuani. Alijaribu kufikiri ni lini mwanamume asiyeweza kufunga kifungo cha shati alishuka mpaka kwenye kokoto hizi, na alitumia muda gani, na aliinukaje. Juzi, pengine, yeye alipokwenda dukani na Twyla. Alirudi akamkuta na magoti yana vumbi, akamgombeza kwa kuanguka. Na Delmar akakubali kuwa ameanguka.

Kwa hiyo Delmar alikwisha kuifungua yake. Nyati alikuwa amebadilisha mmiliki, na mmiliki mpya, yeye Ardis, hakuambiwa.

Alilia kidogo, kwa kuwa alikuwa mahali pasipoonekana. Kisha akafuta uso kwa mkono. Kulikuwa na njia rahisi: kuikata ile kamba, kumpandisha Nyati, na kuifunga tena baadaye kwa waya. Mafundo yale hata kuyagusa hakutaka.

Alitoka, majani ya misonobari kichwani.

"Kinachokwaruza ni nini?" Delmar aliuliza bila kumtazama.

"Sijaona kitu," alisema Ardis. "Gaylen, toa mbao zako. Tunahamisha trela."

"Kwenda wapi, shemeji? Wingu hilo hapo!"

"Baba yangu alipakia ng'ombe miaka arobaini, na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi. Alirudisha lori kwenye ukingo wa udongo, ng'ombe akatembea tu. Twyla, nielekeze."

Nyuma ya bafu za kambi barabara ilikuwa imechongwa kwenye mlima, ikaacha ukingo wa nyasi wenye kimo cha sakafu ya trela. Ardis aliingia kwenye pikapu yao ya kulivutia trela, akaanza kulirudisha lote kinyumenyume, nyumba nzima, huku Twyla akipunga mikono na kupiga kelele za kushoto na kulia ambazo nusu yake zilikuwa kinyume. Alikosea, akasogea mbele, akarudi tena. Matone ya kwanza yalianza, makubwa, ya baridi. Hatimaye mlango ulishushwa ukalala juu ya ukingo, umenyooka kama meza.

Alimzungusha Nyati kwa njia ya nyasi mpaka juu ya ukingo. Safari hii Delmar hakusema mafuta wala punguza. Alisimama kwenye mvua, mdomo wazi. Nyati alikwenda mbele, akavuka bawaba, na chini ya tumbo lake kengele ililia mara moja, safi, bila kukwaruza.

Ndani, kuta zilimbana pande zote mbili, ikambidi atoke kwa kupanda juu ya usukani na kupitia jikoni, makalio hewani, akimtukana Nyati na ukoo wake. Twyla alishangilia. Gaylen alisaidia kufunga mlango, na mawe ya kwanza yakaanza kugonga paa.

"Pole, ndugu yangu," Ardis alimwambia. "Kajinunulie yako."

"Mimi niliambiwa tu nizunguke," Gaylen alisema, akijikinga kichwa kwa sinia. "Muulize mumeo."

Ndani ya pikapu, vioo vikiwa na ukungu na mawe yakipiga kelele juu, Ardis alimgeukia mumewe.

"Alizunguka kwa kutumwa?"

"Wewe hufanyi kitu vizuri mpaka ukasirike," alisema Delmar. "Nakujua."

"Na ningeshindwa?"

"Ningemwuzia. Kweli. Nisingekuruhusu uhangaike naye kila kituo mpaka Arizona, na mimi nimesimama tu na fimbo. Lakini kengele ningekufungulia. Hiyo ni yako, nimekupa."

*Ting.*

Safari hii Ardis alijua inakotoka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Delmar, mle ambamo mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umejificha tangu asubuhi, akaukuta umeishika kengele ya Einar, na mtetemeko ule ukiiliza. Delmar aliona aibu. Alijaribu kuufumba mkono inyamaze, ikalia zaidi.

"Sijui pa kuifunga," alisema. "Sina chombo tena."

Ardis hakuitoa. Alivifumbua vidole vya Delmar, akavilegeza kimoja kimoja, akaiacha ile kengele ilie kadiri ilivyotaka, mkono wake juu ya wa mumewe. Mawe yalipopungua, aliutumia mkono wa pili kuwasha gari, na wakaondoka kwenda kusini.